Fundi Anayefunda: Kuitazama Carmine Street Guitars Kutoka Nairobi

Katika filamu ya makala Carmine Street Guitars hakuna anayekufa, hakuna anayeachwa na mpenzi, hakuna anayekimbizwa na polisi. Ni siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, ndani ya duka dogo la gita huko Greenwich Village, New York. Mtu anaingia, anasalimia, anashika gita, anapiga kidogo, anaongea kuhusu mbao, anatoka. Kesho yake mlango unafunguliwa tena. Dakika 80 zinaisha hivyo.

Ukimsimulia mtu hivyo atakuuliza kama ulikosa kazi ya kufanya. Lakini mimi nimeitazama mara tatu, na kila mara nimebaki na ubishi. Mara ya kwanza niliipenda bila maswali. Mara ya pili ikaniudhi. Mara ya tatu nikagundua kwamba kitu kinachoniudhi na kitu ninachokipenda vinakaa kwenye benchi moja, na hapo nikaona afadhali niandike.

Mwelekezaji ni Ron Mann, Mkanada ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipeleka kamera yake pembezoni, mahali wenye pesa hawaangalii. Mwaka wa 1988 alitoa Comic Book Confidential, kuhusu wachoraji wa vibonzo. Mwaka wa 1999 akatoa Grass, kuhusu bangi na sheria za Marekani. Hii ya gita ilionyeshwa Venice mwaka wa 2018. Mtindo wake hapa ni wa kukaa kimya. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia uhisi nini. Kamera inakaa tu, kama mgeni aliyepewa kiti na kuambiwa angoje chai.

Mwenye duka anaitwa Rick Kelly. Ni mzee mpole, anaongea polepole, hana simu ya mkononi wala kompyuta. Mama yake, Dorothy, ambaye amepita miaka tisini, ndiye anayepokea simu ya mezani, kuweka hesabu na kupangusa vumbi. Halafu yuko Cindy Hulej, binti wa miaka ya ishirini na kitu, mwanagenzi wa Kelly, nywele nyeupe kama pamba, mkononi kalamu ya moto ambayo anachorea michoro juu ya mbao. Cindy ndiye anayepiga picha gita zikikamilika na kuziweka Instagram. Kwa hivyo duka lina vizazi vitatu: mmoja anajibu simu ya waya, mmoja hataki simu kabisa, na mmoja anauza kwa simu.

Na kuna mbao. Huwezi kuongea kuhusu filamu hii bila kuongea kuhusu mbao, maana Kelly mwenyewe hawezi.

New York ya zamani ilijengwa kwa msonobari mweupe uliokatwa milimani kaskazini mwa jimbo hilo katika karne ya 19. Mihimili, sakafu, ngazi, vyote vilitoka kwa miti ambayo ilikuwa mizee tayari ilipokatwa. Siku hizi majengo hayo yanabomolewa ama kukarabatiwa, na mbao zake zinatupwa mtaani pamoja na kifusi. Kelly anaziokota. Anaeleza kwamba baada ya zaidi ya miaka mia moja utomvu ndani ya ubao hukauka na kugeuka kama chembe za sukari, ubao unakuwa mwepesi, na ukiugonga unaitika. Gita zake nyingi ni za umeme, zenye umbo la Telecaster ya Leo Fender, lakini hata kabla ya kuchomeka waya kwa amplifaya unasikia ubao ukiongea. Wanamuziki wanaoingia humo wanaweka sikio karibu, wanatabasamu. Hawajifanyi. Ukiwa umewahi kushika gita ya kiwandani, ile ya ubao wa gundi unaosikika kama boksi la viatu, unajua wanatabasamia nini.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba kila ubao wa Kelly una anwani. Huu ulitoka Chelsea Hotel. Huu ulitoka Chumley's, baa iliyokuwa ya siri wakati pombe ilikuwa haramu Marekani. Ule ulitoka kwa nyumba ya Jim Jarmusch, mwelekezaji wa filamu, ambaye naye anapita dukani kupiga stori kuhusu miti. Na ule mwingine, ambao filamu inauenzi sana, ulitoka McSorley's, baa inayojinadi kuwa ilifunguliwa mwaka wa 1854 na ambayo bado inauza bia mpaka leo. Kelly anaufagia, anaupiga randa, na uchafu wa karne na nusu unatoka kama maganda.

Sasa ngoja. Kuhusu McSorley's kuna jambo la kukumbuka kabla hatujalia machozi ya kumbukumbu. Baa hiyo haikuruhusu wanawake kuingia mpaka mwaka wa 1970, na iliwaruhusu kwa sababu ilipelekwa mahakamani. Zaidi ya miaka mia moja wanaume walikaa juu ya mbao hizo wakinywa, na mwanamke aliyefika mlangoni alirudishwa. Kwa hivyo mtu akisema ubao huu una kumbukumbu za New York, mimi nauliza: kumbukumbu za nani? Halafu naangalia tena picha. Ndani ya karakana ambako ubao huo umeletwa, kuna msichana mwenye patasi. Anachonga miili ya gita kutoka kwa mbao kama hizo, na jina lake litabaki kwenye gita anazotengeneza. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote ndani ya duka hilo, na linapita bila mtu kulipigia tarumbeta.

Habari ya anwani iliniuma kwa sababu nyingine pia. Sisi tunaishi kwenye ukanda wa mpingo. Klarineti na obo zinazopigwa kwenye kumbi za Ulaya na Marekani, nyingi zimetengenezwa kwa mpingo, na mpingo mwingi wa biashara hiyo hutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mti unaokua polepole sana. Mtu anayeupanda leo hataupiga muziki, labda mjukuu wake. Januari 2017 miti yote ya jamii yake ikawekwa chini ya masharti ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na watengenezaji wa ala wakaanza kulia kwamba hata mwanamuziki anayesafiri na chombo chake anasumbuliwa na makaratasi. Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa kwenye masharti hayo. Ubishi huo wote ulihusu vyombo, mipaka na wanamuziki. Mti wenyewe, na kijiji ulikokatwa, vilitajwa kidogo sana.

Hiyo ndiyo tofauti. Ubao wa New York ukiwa gita unaitwa kwa jina la baa na mtaa wake. Ubao wa kwetu ukishapanda meli unaitwa tu mbao nyeusi. Sisemi Ron Mann angekuja Kilwa. Filamu ni ya duka moja kwenye barabara moja, na ina haki ya kukaa hapo. Nasema tu kwamba kuwa na anwani ni utajiri, na filamu inauonyesha utajiri huo bila kujua kwamba ni utajiri.

Hebu fikiria Nairobi. Nyumba za zamani za Kileleshwa na Kilimani zimeangushwa moja baada ya nyingine ili ghorofa zipande. Nyingi zilikuwa na sakafu za mbao, milango mizito, madirisha ya miti ambayo leo huwezi kuipata dukani. Mbao hizo zilienda wapi? Zingine zilifika kwa wauzaji wa mbao kuukuu, zikawa vitanda. Zingine zilishikilia zege ya ghorofa iliyokuja kuzirithi, halafu zikawa kuni. Sijamsikia mtu akisema, hii gita ilikuwa mlango wa nyumba fulani barabara fulani. Na si kwamba hatuna mafundi. Tuna mafundi mpaka wa kumwaga.

Basi nije kwa kile kilichoniudhi.

Orodha ya wageni wa duka ni kama tamasha. Bill Frisell anaingia, anakaa, anapiga wimbo wa Beach Boys kwa upole mpaka unasahau kupumua. Nels Cline wa bendi ya Wilco anakuja kutafuta zawadi ya siku ya kuzaliwa ya kiongozi wao, Jeff Tweedy. Marc Ribot anapita. Lenny Kaye, aliyepiga na Patti Smith miaka yote, anapita. Kirk Douglas wa The Roots anapita. Charlie Sexton, aliyewahi kupiga na Bob Dylan, anapita. Eleanor Friedberger, Eszter Balint, wote wanapita. Kila mmoja anapiga kidogo, na upigaji wenyewe ni mtamu, sikatai. Lakini baada ya wageni sita hivi nikaanza kujiuliza: mtoto wa shule yuko wapi? Yule kijana wa mtaa aliye na dola kumi mfukoni na hamu ya dola elfu mbili, yuko wapi? Yule mama aliyekuja kurekebishiwa gita ya marehemu mume wake, yuko wapi? Duka la mtaa lisilo na mtu wa mtaa ni kama hoteli ya chapati ambayo wateja wake wote ni wabunge. Linaweza kuwepo, lakini unajua umepangiwa.

Najua jibu la mtetezi wa filamu: watu maarufu ndio wanaofanya sisi tutazame. Sawa. Lakini Mann ameonyesha kwa mkono wake mwenyewe kwamba hahitaji majina. Sehemu ninazozikumbuka bila kujaribu ni za Dorothy na kitambaa chake cha vumbi, na za Kelly na Cindy wakifanya kazi bila kuongea, kila mtu kwenye kona yake, kama watu walioishi nyumba moja muda mrefu. Katika sehemu hizo hakuna nyota yeyote, na filamu haipungukiwi.

Jambo hili si dogo kwangu, na nitasema kwa nini. Kuna duka moja la ala hapa mjini, sitalitaja, ambalo nilikuwa nikiingia kila mara nikishuka matatu. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, sina ratiba, sina karo, nina muda tu. Gita zilitundikwa juu ukutani, na chini yake karatasi iliyoandikwa kwamba usiguse bila ruhusa. Ruhusa yenyewe ilitolewa ukionekana unanunua. Mlinzi alinisoma viatu, akajua. Sikuwahi kushika gita humo hata moja. Niliyoijua kwanza ilikuwa ya kanisa, nyuzi tano badala ya sita, na foleni ya vijana nane baada ya ibada, kila mtu na dakika zake.

Wengi wetu tulijifunzia kwenye foleni kama hiyo, kanisani ama shuleni, halafu simu ikatumalizia masomo. Video itakuonyesha vidole vikae wapi. Haiwezi kukuonyesha kwamba nyuzi zako ziko juu sana, kwamba shingo ya gita imepinda, kwamba uchungu wa vidole vyako hautoki kwa uvivu ila kwa chombo kibovu. Kuna watu wameacha muziki wakidhani hawana kipaji, kumbe hawakuwa na fundi. Mimi nilikuja kurekebishiwa gita na mzee mmoja mwenye kibanda, jina lake nalihifadhi. Alikunja paji la uso, akalegeza nyuzi, akapiga msasa kidaraja kama dakika kumi, akanirudishia. Nilidhani amenibadilishia chombo. Nilipouliza bei akasema kwanza kaa hapo upige, nisikie kama imekaa. Nikapiga. Akanisahihisha mkono. Nikalipa. Ukiangalia vizuri, alinifanyia mambo mawili, na pesa nililipa ya jambo moja.

Hapo Kiswahili kinajua kitu. Neno fundi limetoka kwenye mzizi uleule wa kufunda, kufunza na kufundisha. Mwanafunzi yumo humo pia. Siku hizi tukisema fundi tunafikiria bomba lililopasuka, ama simu iliyoanguka majini, ama suruali ya kupunguzwa. Tumemfanya fundi kuwa mtu wa kurekebisha. Lakini lugha yenyewe inakumbuka kwamba fundi ni mtu ambaye ujuzi wake unavuka kwenda kwa mwingine. Hata mmoja wa wapigaji wa mwanzo wa gita ya umeme katika nchi hii, mtu wa pwani aliyezaliwa mwaka wa 1924, tunamjua kwa jina la Fundi Konde. Sijui jina zuri zaidi la mwanamuziki.

Kwa kipimo hicho, Rick Kelly ni fundi kamili, na Carmine Street Guitars ni filamu kuhusu kufunda, hata kama bango lake linasema ni kuhusu gita. Mwangalie vile anavyomfundisha Cindy. Hamhubirii. Hampi mtihani. Anamwachia ubao, anaondoka, anarudi, anaangalia, anasema neno moja. Wakati mwingine hasemi. Cindy naye haigi kazi ya mzee. Kelly anapenda mbao zibaki na makovu yake, misumari iliyotoka iache matundu, ubao uonekane ulikotoka. Cindy anachoma michoro juu yake, anapaka rangi, anaweka yake. Mzee anaangalia kazi ambayo yeye asingeifanya hivyo hata siku moja, na anafurahi. Kama umewahi kuwa na mwalimu aliyetaka uandike kama yeye, unajua ilivyo nadra furaha hiyo.

Ilinikumbusha Anyango, yule Mjapani ambaye wengi wetu tulimwona kwenye televisheni akiimba Kidholuo na gara miguuni. Alisafiri mpaka Siaya, akaishi kijijini, akajifunza nyatiti kwa mzee Okumu K'Orengo, chombo ambacho kimila kilikuwa cha wanaume. Watu wengi waliishia kwa ajabu ya kwamba yeye ni mgeni. Mimi huwa namfikiria mzee. Alikuwa na kila sababu ya kumwambia aende nyumbani, na mila ingemuunga mkono. Akamfunda. Nyatiti ni chombo cha nyuzi nane, ambacho mara nyingi mpigaji mwenyewe ndiye mtengenezaji, ama anamjua mtengenezaji kwa jina la baba yake. Anayefundishwa chombo kama hicho anaachiwa nyumba nzima, na mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie.

Sasa, nyumba. Tufike kwenye kodi.

Kuna tukio moja katikati ya filamu ambalo linaingia kama upepo baridi. Jengo la jirani, ambalo mchoraji Jackson Pollock aliwahi kuishi, liko sokoni. Dalali kijana, nguo safi, meno safi, anapita dukani kujitambulisha. Hana ubaya. Anasifu gita. Anaangalia kuta. Unamwona akiangalia kuta. Kelly anajibu kwa adabu, na dalali anatoka, na duka zima linabaki kimya kama nyumba ambayo daktari ametoka bila kusema kitu. Ni tukio bora kabisa. Halafu filamu inarudi kwa mbao na wageni, na haiulizi swali lililoachwa mlangoni: duka hili linalipaje kodi, na litalilipa mpaka lini?

Swali hilo lina historia, tena hatua chache tu kutoka hapo. Mwaka wa 1957 Izzy Young alifungua Folklore Center katika barabara ya MacDougal, umbali wa kutembea tu. Aliuza nyuzi, vitabu na sahani za santuri, na zaidi ya yote aliacha vijana wakae humo siku nzima. Mmoja wao alikuwa Bob Dylan. Ni Young aliyemwandalia onyesho katika ukumbi mdogo wa Carnegie tarehe 4 Novemba 1961, na ukumbi haukujaa. Mwaka wa 1973 Young alifunga, akahamia Stockholm. Barabara ya 48, iliyojulikana kwa maduka ya ala yaliyobanana kama ya vitambaa pale Eastleigh, ilimpoteza Manny's mwaka wa 2009. Matt Umanov, duka la gita la barabara ya Bleecker, jirani kabisa na Kelly, lilifungwa mwishoni mwa 2017. Na usidhani wakubwa walipona. Sam Ash, ukoo wa maduka ulioanza mwaka wa 1924, ulifunga yote mwaka wa 2024, baada ya miaka mia moja kamili.

Hakuna hata moja ya hizi iliyokufa kwa sababu watu waliacha kupenda muziki. Ardhi ilipanda bei kuliko kitu chochote kinachoweza kuuzwa juu yake, na intaneti ikauza gita bila kulipia mlango. Kwa hivyo filamu inapomwonyesha Kelly kama mzee wa zamani asiyetaka simu, mtu wa kipekee aliyesahauliwa na wakati, inatupa faraja ya uongo kidogo. Inatufanya tudhani duka limebaki kwa sababu ya tabia nzuri. Tabia nzuri hailipi landilodi. Kuna hesabu mahali fulani. Dorothy na daftari lake wanaijua. Ningetoa nusu ya wageni maarufu ili nimwone mama huyo akifungua daftari hilo mbele ya kamera.

Nasema hivi kwa sababu sisi huku tunapenda sana hadithi ya fundi maskini mwenye furaha. Tunampiga picha mzee anayechonga ngoma, tunaandika maneno matamu, tunasambaza, wasee wanaweka mioyo chini yake, na mwezi unaofuata kibanda chake kinavunjwa kupanua barabara. Hakuna anayeuliza alienda wapi. Sifa zimekuwa njia yetu ya kutolipa. Carmine Street Guitars ni filamu ya upendo wa kweli, siwezi kuikosea adabu, lakini upendo wake unasimama mlangoni pa ofisi ya hesabu na kuvua kofia. Mtengenezaji wa filamu aliyethubutu kumwachia dalali aingie angethubutu pia kumfuata nje.

Hata hivyo niliirudia, na nitairudia tena, kwa sababu ya kitu ambacho hesabu peke yake isingenionyesha. Kwa siku tano ndani ya duka hilo hakuna mgeni anayeambiwa usiguse. Gita zinashushwa ukutani zinapewa mikono. Mtu anaweza kupiga nyimbo tatu na kuondoka bila kununua, na Kelly anaonekana kushukuru kama aliyelipwa. Kwake chombo kisichopigwa kinaharibika, na mtengenezaji asiyesikia chombo chake kikipigwa anakuwa kiziwi wa kazi yake. Kwa hiyo kugusa ni sehemu ya karakana, sawa na randa na msasa. Duka la intaneti haliwezi kukuuzia hilo hata likitaka. Na duka la mjini lenye karatasi ukutani limeamua kulitupa bure.

Kuna pia jambo la Cindy, ambalo kwangu mimi niliyetoka chuoni bila cheti lina uzito wake. Tunaambiwa kuna njia mbili: umalize shule ama upotee. Cindy yuko kwenye njia ya tatu, ambayo zamani ilikuwa ya kwanza. Unaenda kwa mtu anayejua, unafagia, unatazama, unaharibu ubao mmoja mpaka mitano, na siku moja mtu anauliza nani ametengeneza hii na mzee anakuonyesha wewe kwa kidole. Njia hiyo haijafa hapa. Gereji zetu zinaishi kwa hiyo, na vinyozi, na mafundi wa nguo. Katika muziki imekatika kwa sababu ya sehemu ya kukaa. Mafundi wa ala tulio nao wanafanya kazi pembezoni mwa kitu kingine: nyuma ya kanisa, ndani ya chumba cha kulala, kwenye kibanda ambacho leo kipo na kesho ni kifusi. Mwanagenzi hawezi kukaa mahali ambapo mwalimu mwenyewe anakaa kwa wasiwasi.

Filamu haisemi nini kitatokea Kelly akichoka. Inatuachia Cindy akiwa kwenye benchi, na kila mtazamaji anafanya hesabu yake. Mimi naona ufundi umeshavuka; umo mikononi mwake na hautatoka. Kuta ndizo sina uhakika nazo. Ikiwa siku moja atalazimika kuhamisha patasi zake mahali pengine, atakuwa na kazi bila mlango wa mtaani, na yule msichana anayefuata, anayepita tu akiwa hana mpango, hatakuwa na mlango wa kuingilia.

Itazame ukipata dakika 80. Tazama mikono kuliko nyuso, na wageni maarufu wasikuibie macho. Halafu tafuta fundi wa gita aliye karibu na wewe, maana yupo, uliza tu kwa watu wa kwaya. Mpelekee chombo chako hata kama hakijaharibika sana. Umsalimie vizuri, ukae kidogo. Kabla hujamuuliza bei, muulize ni nani anayejifunza kwake.